Mizani ya Saa na Shilingi

Katika maswali ambayo mwanadamu hujiuliza kila siku bila ya kuyatamka, ni machache yanayorudi mara nyingi kama hili: nitoe fedha nipate nafasi, au nitoe nafasi nibakiwe na fedha? Mtu anayesimama alfajiri kando ya barabara kuu pale Iyunga, upande wa magharibi wa jiji la Mbeya, ambapo malori yaelekeayo Tunduma hupita kwa mfululizo na baridi ya Juni hupenya hata ndani ya koti, hana budi kulijibu kabla jua halijachomoza: bodaboda itamfikisha Mwanjelwa upesi kwa nauli kubwa, daladala itamfikisha kwa nauli ndogo baada ya kusimama kila kituo, na miguu yake itamfikisha bure, ila atafika amechoka na soko limekwisha changamka. Swali hili laonekana dogo mno kuitiwa wanafalsafa, masheikh na mapadri; lakini ndani yake mna makubwa, kwani anayeamua saa yake ina thamani gani ameamua pia, apende asipende, maisha yake yana thamani gani, na anayeamua saa ya mwenziwe ina thamani gani amekwisha kumhukumu mwenziwe.

Jibu linalotangulia kinywani mwa watu wengi ni kwamba wakati ni mali. Neno hili lilipata nguvu yake ya kisasa kwa Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye mwaka 1748, katika nasaha alizomwandikia kijana aingiaye katika biashara, alimwonya kwamba mwenye uwezo wa kuchuma shilingi kumi kwa siku, akikaa bure nusu ya siku hiyo, asidhani kuwa hasara yake ni zile senti chache alizotumia katika matembezi tu, bali ajue kuwa ametupa na shilingi tano zaidi. Kwa mfanyabiashara nasaha hii ina kweli nyingi, na sioni sababu ya kuibeza. Lakini kweli ya dukani si lazima iwe kweli ya nyumbani, wala kweli ya msikitini au kanisani. Na hasara huanza pale watu wanapodhani kwamba, maadamu saa huweza kuzaa shilingi, basi saa na shilingi ni jinsi moja, na kila moja yaweza kuwekwa mahali pa nyingine bila ya nakisi.

Shilingi humtii mwenyewe: akiilaza usiku ataikuta asubuhi, akiificha mwaka mzima ataikuta mwishoni mwa mwaka, hata kama bei za vitu zitakuwa zimeipunguzia nguvu, na akiipoteza, yamkini atapata nyingine kwa jasho lake au kwa fadhila ya nduguye. Saa haimtii mtu. Mwenye enzi na mchunga ng'ombe hupewa kwa kipimo kimoja, ishirini na nne kwa kila usiku na mchana wake, hazikopwi, hazirithiwi, wala hazitiwi sandukuni. Kwa hiyo anayesema kwamba ameokoa saa hakuweka kitu akiba. Alichofanya ni kuiondoa saa ile katika shughuli moja na kuitia katika nyingine, na mpaka atuambie ni ipi hiyo nyingine hatuwezi kujua kama amefaidika au amepungukiwa. Mtu aliyelipa nauli ya bodaboda ili afike nyumbani mapema, akafika, akaketi na simu mkononi hadi usiku wa manane, ametoa fedha asipate kitu. Na yule aliyetoa nauli ile ile akawahi kumsikiliza mwanawe akisoma kabla ya kulala, amenunua jambo ambalo mtoto akishakua halitapatikana tena kwa bei yoyote.

Dini ziliitambua tofauti hii tangu zamani. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, Mtume, rehema na amani zimshukie, ameeleza kuwa Siku ya Kiyama mja hataondoka mbele ya Mola wake mpaka aulizwe juu ya umri wake aliumaliza katika jambo gani, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na aliitumia vipi, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Msomaji na atazame namna maswali yalivyopangwa: mali imeulizwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, lakini umri umeulizwa mara moja tu. Hakuna anayeulizwa umri wake aliuchuma wapi, kwa sababu hakuna aliyeuchuma. Na mtu aliyepewa kitu bila ya kukitolea jasho hana hoja ya kusema kwamba ni milki yake, akifanyie apendavyo. Paulo naye, alipowaandikia Wakristo wa Efeso, aliwausia waishi kwa busara, wasiuachie wakati wao uchukuliwe na zama zilizoharibika. Katika jiji la Mbeya, ambako Mwislamu na Mkristo hupanga chumba ukuta kwa ukuta na kuchota maji bomba moja, mafundisho haya mawili hukutana katika jambo moja, nalo ni kwamba wakati ni amana, na amana ina mwenyewe.

Hata hivyo, kusema kwamba wakati una thamani kuliko fedha hakutoshi, na hapo ndipo wenye hekima wengi walipoishia njiani. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, aliandika risala juu ya ufupi wa maisha, akastaajabia watu ambao huilinda mali yao kwa ubahili mkubwa ilhali wakati wao humgawia kila mpita njia. Ni nasaha tukufu. Lakini Seneca alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dola ile, na saa alizozitumia katika kutafakari zilitokana na mikono ya watumwa waliochota maji yake, wakakanda mikate yake na kufua nguo zake. Saa zake ziliokolewa kwa kuwa saa za wengine zilitumiwa. Kwa sababu hiyo naona kwamba kila tunaposifu uokoaji wa wakati au wa fedha, yatupasa kuuliza kwanza swali ambalo kwa kawaida halitajwi: ni saa za nani zinazotolewa, na ni shilingi za nani zinazobaki?

Tuliweke swali hili jikoni, mbele ya sufuria ya maharage. Iyunga iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na tangu hapo, hata moto ukichochewa kiasi gani, hayazidi joto lile, bali hugeuka mvuke tu. Kwa hiyo maharage yale yale ambayo mpishi wa Tanga huyaivisha mapema, mpishi wa Mbeya hukaa nayo muda mrefu zaidi, na kila dakika inayozidi ni mkaa unaozidi. Huongeza maji ya moto kidogo kidogo yasije yakakauka. Huchota punje moja kwa mwiko, akaibonyeza kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akaona kiini bado kigumu, akafunika tena. Mkaa ukififia, hupepea. Ukiisha, mtoto hutumwa dukani akalete wa kopo. Mchana wote hupita hivi, na haupiti kwa kukaa tu, maana mtu aliye na sufuria motoni hawezi kwenda mbali, hawezi kulala, wala hawezi kushika kazi nyingine inayohitaji moyo wake wote.

Sasa baba wa nyumba hupiga hisabu yake. Anaona kwamba mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na sufuria ya presha, ambayo hulipandisha joto la maji juu ya kiwango chake cha kawaida na kuyaivisha maharage kwa muda mfupi, ni ghali kuliko sufuria ya kawaida. Basi huamua kuwa mkaa ndio iktisadi, huacha fedha ya matumizi mezani, akaenda kazini akiwa ameridhika kwamba yeye si mbadhirifu. Hisabu yake ni sahihi katika kila tarakimu aliyoiandika, na ina kasoro kubwa katika tarakimu alizoziacha. Hakuandika saa za mkewe. Hakuandika saa za binti yake, ambaye alipaswa kuwa na daftari mkononi naye ameshika pepeo. Hakuandika moshi ulioingia vifuani mwao. Shilingi zilizobaki ni zake. Saa zilizotoka ni za wengine. Na kwa kuwa hakuna risiti iliyoandikwa, aliona kuwa hakuna kilicholipwa. Serikali nayo imeliona jambo hili, kwa kuwa mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Lakini hakuna mkakati wa taifa utakaoingia katika moyo wa mtu na kumfundisha insafu. Hilo ni la kila mwenye nyumba na nafsi yake.

Kuna njia nyingine, nayo haidai fedha wala haidai saa za mtu: kuyaroweka maharage tangu jioni. Usiku hupita vyovyote vile, watu wamelala, na maji hufanya kazi yake bila ya kumsumbua mtu. Asubuhi yale maharage huiva kwa muda mfupi na kwa mkaa mchache. Jambo hili, ambalo kila bibi wa nyanda za juu hulijua, lina funzo ambalo vitabu vya biashara hulisahau: kungoja si sawa na kutaabika. Ziko saa zinazopita zenyewe, na ziko saa zinazopita juu ya mgongo wa mtu. Na mwenye tadbiri ni yule anayezisukumia kazi za kungoja katika saa za namna ya kwanza, ili zile za namna ya pili zipungue. Mara nyingi tunapogombana juu ya kuokoa fedha au kuokoa wakati, tulichokosa hasa ni tadbiri, ambayo ingetuokolea vyote viwili.

Lakini tadbiri nayo ina masharti yake, na si haki kumlaumu asiyekuwa na uwezo nayo. Mwenye fedha za kununua gunia la mkaa hununua mara moja, kwa bei nafuu, akakaa muda mrefu bila ya kwenda dukani. Asiye nazo hununua kwa kopo, kila siku, kwa bei ambayo ikijumlishwa hupita ile ya gunia, na juu ya bei hiyo hulipa safari za kwenda na kurudi. Ndivyo ilivyo katika mafuta ya kula yapimwayo kwa kipimo kidogo, ndivyo ilivyo katika sukari na sabuni. Matajiri huambiwa wachague baina ya wakati na fedha. Maskini aghalabu hutozwa vyote viwili. Kwa hiyo tunapomwona mtu amechelewa, au amefika na jasho, au ameketi kibarazani bila ya kazi adhuhuri, tusifanye haraka kumwita mvivu au mtu asiyejua thamani ya wakati. Huenda wakati wake ulikwisha kuchukuliwa tangu alfajiri kwa vijisafari ambavyo mwenye mtaji havijui.

Mahali ambapo wakati na fedha hukutana kwa ukali kuliko pote ni katika mkopo. Riba ni bei ya wakati: mkopeshaji hutoa fedha leo, na kwa kila siku anayoingoja hudai nyongeza. Wanazuoni wa Kanisa katika Ulaya ya karne ya 12 na ya 13 walimlaumu mla riba kwa hoja hii hii, kwamba anauza wakati, ilhali wakati ni wa Mungu naye huwapa viumbe vyote. Na Kurani, baada ya kuiharamisha riba, imeamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate nafuu, ikaongeza kuwa kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Katika amri hii mna jambo la kutafakariwa sana. Muhula ni wakati. Na kumpa mtu muhula bila ya nyongeza ni kumpa sadaka ambayo haikutoka mfukoni, bali imetoka katika subira ya mtoaji. Waungwana wa zamani walijua kutoa sadaka ya namna hii, na wapo wenye maduka hadi leo ambao daftari la mikopo yao limejaa majina ya wajane na wao hawajapeleka mtu kuwadai.

Kinyume cha subira hiyo ni ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Sifa yake kubwa ni wepesi: mama mwenye meza ya nyanya, aliyepungukiwa na mtaji asubuhi, hupata fedha kabla ya adhuhuri bila ya maswali mengi, bila ya vikao, bila ya wadhamini wa kutafutwa mtaa kwa mtaa. Ameokoa wakati, na hakika wakati ule ulikuwa na thamani, kwa sababu nyanya haimngojei mtu. Lakini tangu kesho yake huanza kuulipa wakati huo kila siku, pamoja na nyongeza yake, mauzo yakiwapo na yasipokuwapo. Na siku atakayoshindwa, televisheni, godoro na hata vyombo vya jikoni huweza kubebwa. Nimesikia watu wakiwalaumu akina mama hawa kwa kutokujua hisabu. Mimi naona hisabu wanaijua vema. Wasichokuwa nacho ni muhula, na mtu asiyekuwa na muhula hununua chochote kinachouzwa kwa jina la haraka.

Njia ya pili waliyonayo ni kikoba. Utaratibu wa vikundi vya namna hii, vinavyokusanya hisa za wanachama na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu umeota mizizi kiasi kwamba ni vigumu kupata mtaa usiokuwa nao. Anayekitazama kikao cha kikoba kwa jicho la Franklin ataona upotevu mtupu: watu wazima wamekaa kungoja akidi itimie, sanduku linafunguliwa mbele ya macho yote na wenye funguo mbalimbali, noti zinahesabiwa kwa sauti, zikarudiwa, mmoja anaeleza kwa urefu jinsi mumewe alivyolazwa, mwingine anatozwa faini ya kuchelewa na anajitetea. Saa mbili zimepita kwa jambo ambalo simu ingelimaliza kwa dakika mbili. Lakini katika saa hizo limetengenezwa jambo ambalo simu haina: kila mmoja amejua hali ya mwenziwe, na siku mkopaji atakaposhindwa, wenziwe wataweza kutofautisha kati ya mlaghai na mtu aliyefikwa na msiba, wakajua nani wa kubanwa na nani wa kupewa muhula. Kikoba hula wakati wa watu kikawarudishia imani. Kausha damu huwaokolea wakati ikawaacha wapweke. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba saa zote zinazotumiwa pole pole ni saa zilizopotea.

Iyunga yenyewe ina ushahidi mkubwa zaidi wa mambo haya, nao ni reli ya TAZARA ipitayo hapo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Benki ya Dunia na wengineo walipoulizwa juu ya reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, walipiga hisabu, wakasema kwamba haitalipa. Hisabu yao ilikuwa ya shilingi. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa na hisabu nyingine, kwa sababu tangu Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, kila mwaka ambao shaba ya Zambia iliendelea kutegemea njia za kusini ulikuwa mwaka ambao uhuru wa Zambia wenyewe ulikuwa rehani. Mapatano na China yalitiwa sahihi mwaka 1967, ujenzi ulianza mwaka 1970, na kilomita 1,860 za reli, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilikabidhiwa mwaka 1976. Mkopo ule haukuwa na riba, nao ulipewa miaka 30 ya kulipwa. Baadaye reli ilikumbwa na uchakavu na upungufu wa mizigo, na wapo waliosema kwamba wataalamu wa kwanza walikuwa wa kweli. Katika hisabu waliyoifanya, huenda walikuwa wa kweli. Lakini hawakuulizwa, wala hawakuweza kuandika katika safu ya faida, thamani ya miaka ambayo taifa jirani halikulazimika kupiga magoti.

Leo msafiri wa Mbeya aendaye Dar es Salaam huichagua njia yake kwa mizani hiyo hiyo. Basi huondoka alfajiri likamfikisha usiku wa siku ile ile. Ndege, tangu kiwanja cha Songwe kilipofunguliwa mwaka 2012, humfikisha kwa muda wa saa moja na ushei kwa aliye na nauli yake. Na treni, pindi safari zake zinapokuwapo, humchukua mchana na usiku, na ikichelewa huchukua zaidi. Ni kosa kudhani kwamba apandaye treni hajui thamani ya wakati. Mtu mwenye mizigo mingi, au mwenye watoto wanaohitaji mahali pa kujinyoosha, au mzee ambaye magoti yake hayawezi kukunjwa katika kiti cha basi kutwa nzima, hununua kwa saa zake kitu anachokihitaji, na ni yeye mwenyewe aliyezitoa. Vivyo hivyo anayekwenda kumwona mgonjwa mahututi, akauza madebe yake ya mahindi ili apande ndege, hakufanya israfu. Kila mmoja ametoa kilicho chake kwa ajili ya jambo analolijua, na hapo hatuna la kumfundisha.

Bali yapo mambo ambayo mizani hii haiwezi kuyapima, na kubwa lao ni msiba. Siku hizi mtu hupata habari ya kifo kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo hutuma rambirambi, akahesabu kwamba nauli ya kwenda Tukuyu au Kyela na siku mbili za kazi zingemgharimu zaidi kuliko alichotuma; na waliofiwa, wakitazama fedha tu, wamepata zaidi kuliko ambavyo wangepata kama angekuja mikono mitupu. Mwenye udhuru wa kweli halaumiwi. Lakini anayefanya hivi kwa mazoea amekosea jinsi ya deni. Mfiwa hatudai fedha zetu. Anatudai kukaa kwetu, kwenye mkeka, bila ya la kusema, mpaka jua litue. John Mbiti, mwanazuoni na kasisi wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwa wazee wetu wakati haukuwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, bali ulikuwa kitu kinachoumbwa na matendo ya watu, na kwamba anayeonekana ameketi tu huenda hapotezi wakati, bali anaungoja au anautengeneza. Wapo wanafalsafa wenzake waliompinga katika sehemu nyingine za nadharia yake, na mkulima wa Mbeya anayejua kwamba mbegu ikichelewa mvua za Novemba na Desemba mavuno hupungua atasema kwamba hata wazee walikuwa na haraka mahali pake. Lakini matangani Mbiti ana haki. Wakati ule tuliokaa na mfiwa haukuwapo kabla ya sisi kukaa. Tumeuumba kwa kukaa kwetu.

Kwa kuwa nimeusifu utulivu, sina budi nitahadharishe juu ya dhuluma inayovaa nguo zake. Yupo mtu anayeitisha mkutano saa tatu akafika saa tano, na akiulizwa husema kwamba sisi Waafrika hatuna haraka. Ipo ofisi ambamo mzee aliyetoka kijijini kwa nauli ya kukopa huambiwa njoo kesho, na kesho yake huambiwa vivyo hivyo, ilhali sahihi inayotakiwa ingemalizika kabla ya chai kupoa. Huu si utu wala si subira. Ni kuchukua umri wa mtu bila ya idhini yake. Aliyeiba shilingi elfu kumi hupelekwa polisi. Aliyewakalisha watu hamsini saa mbili kila mmoja ametwaa saa mia moja za maisha ya viumbe, na hupigiwa makofi anapoingia. Subira ni fadhila pale anayesubiri anapoitoa mwenyewe. Ikilazimishwa na mwenye cheo, haina fadhila kwa upande wowote.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza ni lipi bora, kuokoa wakati au kuokoa fedha, sitamjibu kwa neno moja, bali nitamwomba ajiulize mambo matatu. La kwanza, kile kinachotolewa ni cha nani: kama saa ni zake na shilingi ni zake, basi ana uhuru wa kuchagua kama yule msafiri wa treni, lakini kama shilingi ni zake na saa ni za mkewe, mwanawe, mfanyakazi wake wa ndani au raia aliyesimama kwenye foleni yake, basi hana haki ya kuliita jambo hilo iktisadi. La pili, kilichookolewa kinakwenda wapi: saa isiyokuwa na mahali pa kwenda haikuokolewa, na shilingi iliyowekwa bila ya nia ya kumfaa mtu yeyote ni ubahili tu, hata ikiwa imewekwa benki. La tatu, kilichotolewa chaweza kurudi au la: fedha yaweza kurudi, nguvu ya mwili hurudi kwa kadiri, lakini utoto wa mtoto, siku za mwisho za mzazi na saa ya masomo ya binti haziji mara ya pili, na mahali zinapoguswa hizo, mwenye akili hutoa fedha bila ya kujadiliana bei.

Mambo haya hayahitaji utajiri. Mwenye kipato kidogo anaweza kuroweka maharage, anaweza kushika pepeo mwenyewe jioni ili binti yake asome, anaweza kufika kikaoni kwa wakati, anaweza kumpa mdeni wake wiki moja zaidi. Na mwenye kipato kikubwa, akinunua wepesi wa maisha kwa mikono ya wengine, anaweza kuilipa mikono hiyo ujira wa haki na kuiachia siku ya kupumzika. Dini zetu zimetufundisha kuogopa mali ya haramu iliyoingia nyumbani, na tunauliza kwa makini nyama imechinjwa na nani, na sadaka imetoka wapi. Ni wajibu wetu kuuliza kwa makini yale yale kuhusu saa za watu wengine zilizoingia katika starehe yetu bila ya kulipwa. Aliyeokoa shilingi kwa saa za mwenziwe anadaiwa, hata kama mdai wake hakupata kumwendea kumdai, na deni hilo litasomwa siku ambayo kila umri utaulizwa uliishia wapi. Iktisadi ya kweli huanza siku mtu anapozihesabu saa za wenziwe kwa uaminifu ule ule anaozihesabia shilingi zake.